Juu ya Kufasiri Vema Kitabu cha Masingasinga

Masingasinga wako katika miji mingi ya nchi zetu tangu siku za kujengwa reli ya Uganda, nao wana nyumba zao za ibada. Mwalimu akiulizwa na wanafunzi habari za kitabu chao, Guru Granth Sahib, asijibu kwa kubahatisha. Maana kitabu hiki kina mitego, na walioingia bila kiongozi wamenaswa.

Mtego wa kwanza umo katika maandishi yenyewe. Guru Arjan alikikusanya huko Amritsar mwaka 1604, na kwa desturi ya zamani maneno yaliandikwa yameshikamana, pasipo nafasi baina yao. Na tufikiri Kiswahili kikiandikwa hivyo: herufi za "wakatiwa" zaweza kuwa "wakati wa", tena zaweza kuwa "wakatiwa" gerezani. Asiyeshika maana ya shairi zima atakata pasipo mahali pake. Tena mwishoni mwa maneno mna irabu fupi ambazo msomaji hazitamki sana, lakini ndizo zionyeshazo kazi ya neno: "guru" ni mwalimu atendaye, "guri" ni kwa mwalimu au ndani yake. Sahib Singh wa Punjab alizieleza kanuni hizi katika sarufi yake, na kabla ya hapo wengi walizidhani kuwa mapambo tu.

Majina nayo hudanganya. "Ram" na "Hari" ni majina ya Kihindu, lakini humo hutumika kumtaja Mungu mmoja asiyezaliwa; amkumbukaye mwana wa mfalme wa Ayodhya amekwisha kupotea. (Nasi tusishangae: neno Mungu lilikuwamo vinywani mwa wazee wetu kabla ya kuwapo kanisa.) Vilevile Maguru sita walioimba humo wote hujitaja "Nanak", na hesabu iliyo juu ya shairi ndiyo ituambiayo ni yupi asemaye.

Ernest Trumpp, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi ya misheni Bara Hindi, alitoa tafsiri yake mwaka 1877 kwa agizo la serikali ya Kiingereza. Alikuwa mjuzi wa lugha kweli, lakini aliwadharau wazee waliokisoma kitabu hiki maisha yao yote, akahukumu kwamba hakina mpango wala kina. Masingasinga walichukizwa, wala hatuwalaumu. Max Arthur Macauliffe alishika njia nyingine: aliacha kazi ya serikali, akaketi pamoja na wanavyuoni wao, akawapa tafsiri yake waisahihishe kabla ya kuichapa. Vitabu vyake sita vilitoka mwaka 1909, na kwetu sisi yeye ndiye wa kusomwa kwanza. Ila alizipanga nyimbo kwa kufuata maisha ya Maguru. Basi atakaye kuuona mpango wa kitabu chenyewe, ambao ni kwa raga za kuimbia, hataupata kwake.