Chakula cha Abiria Kwenye Meli ya Kitalii

Meli ya kitalii ni meli ya abiria ambayo safari yenyewe ndiyo bidhaa inayouzwa: msafiri hulipia kwa mkupuo mmoja chumba, milo na burudani, hupanda katika bandari kama Miami au Galveston, hutembezwa visiwa kadhaa vya Karibi, kisha hurudishwa pale pale alipopandia. Kwa kuwa milo mikuu imekwisha kulipiwa, na kwa kuwa meli kubwa za leo, kama Icon of the Seas iliyoanza safari zake Januari 2024 ikiwa na uwezo wa kuchukua abiria wapatao 7,600, zina sehemu nyingi za kula zinazofunguliwa tangu alfajiri hadi usiku wa manane, huenda mtu akadhani kwamba hakuna abiria anayejisumbua kufunga chakula begini. Hata hivyo wengi hufunga. Mzazi hubeba maziwa ya kopo na uji wa mtoto, mgonjwa wa kisukari hubeba vitafunio alivyovizoea, mwenye mzio wa karanga huogopa jiko asilolijua, na wengine huona tu kwamba soda inayouzwa melini ina bei isiyomezeka.

Wanaofika kwenye gati na vyakula hivyo hukuta vingine vikipita na vingine vikiwekwa kando, na mara nyingi huondoka na dhana kwamba kampuni ya meli inabana ili iuze zaidi. Dhana hiyo ni kweli kwa sehemu tu. Katazo moja linaloonekana kama amri ya mlinzi wa geti huwa limetoka kwa mmoja wa wenyeji watatu tofauti: kampuni inayotafuta faida, meli inayojikinga na maradhi na moto, au dola ambayo meli itatia nanga katika bandari yake. Abiria anayejua katazo limetoka kwa nani hujua pia lipi lina nafasi ya kuombewa ruhusa na lipi halina.

Kwa jumla, kampuni kubwa zinazoendesha safari kutoka Marekani hukubaliana katika kanuni moja, nayo ni kwamba vitafunio vikavu visivyohitaji jokofu, vikiwa bado katika pakiti ya kiwandani ambayo haijafunguliwa, huruhusiwa kwa kiasi cha matumizi ya mtu mwenyewe. Biskuti, bisi, peremende, nafaka za kifungua kinywa na njugu za pakiti huingia bila mjadala. Chakula kilichopikwa nyumbani, nyama mbichi, samaki, maziwa yasiyo ya kopo na matunda yaliyokwisha kukatwa huzuiwa. Kwa kipimo hicho, ubuyu wa Zanzibar uliofungwa kwa fundo katika mfuko mwangavu usio na lebo, pamoja na kashata na visheti vya mama, huhesabiwa kuwa chakula cha nyumbani hata kama vimenunuliwa dukani, kwa sababu ofisa anayevitazama hana mahali pa kusoma vimetengenezwa na nani, lini, na kwa viungo gani.

Sababu ya ukali huo inaonekana vizuri zaidi katika hotipoti ya pilau. Familia inayoishi Houston inaweza kupika alfajiri, ikafunga safari ya kilomita zipatazo 80 hadi Galveston, ikapanga foleni ya ukaguzi, ikakabidhi mabegi makubwa kwa wapagazi, na kuyapokea mlangoni mwa chumba jioni, meli ikiwa imekwisha ng'oa nanga. Katika saa zote hizo pilau hupoa polepole na kukaa katika kile ambacho wataalamu wa usalama wa chakula hukiita eneo la hatari, yaani kiwango cha joto kati ya nyuzi 5 na 57 za Selsiasi, ambamo bakteria huzaliana kwa kasi. Wali una hatari yake mahususi, kwa kuwa bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha spora, yaani vijibegu vigumu vinavyostahimili kuchemka, na spora hizo huamka wali unapopoa na kutoa sumu inayosababisha matapishi, sumu ambayo haiondoki hata chakula kikipashwa moto tena. Tena chumbani hamna jiko la kupashia, na kile kijokofu kilicho chini ya meza mara nyingi ni cha kupoza vinywaji tu, si cha kuhifadhi chakula.

Nyumbani, pilau iliyochacha huumiza familia moja. Melini mambo hubadilika, kwa sababu maelfu ya watu hushika vishikizo vilevile vya ngazi na vijiko vilevile vya bufee, yaani meza ndefu ambayo kila mtu hujipakulia. Ugonjwa unaohofiwa zaidi hausababishwi na bakteria bali na virusi vya noro, vilivyopewa jina la mji wa Norwalk katika jimbo la Ohio, ambako mwaka 1968 viliwapata wanafunzi na walimu wa shule moja. Chembe chache mno za virusi hivyo hutosha kumwambukiza mtu, dalili za kutapika na kuhara hujitokeza baada ya saa 12 hadi 48, na dawa za mikono zenye spiriti hazivimudu kama sabuni na maji yanayotiririka. Virusi hivyo husambazwa hasa na mikono ya wanadamu, kwa hiyo si haki kuubebesha mfuko wa chapati za abiria lawama ya kila mlipuko. Lakini chakula kilichoshikwashikwa nyumbani na mtu ambaye hakuna anayejua kama aliumwa juzi ni mlango mmojawapo, na ndio mlango ambao meli inaweza kuufunga kwa urahisi.

Kuna pia suala la kuwajibika. Tangu 1975 kitengo cha usafi wa meli kilicho chini ya taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, hukagua meli zenye abiria 13 au zaidi zinazotoka nchi za nje na kutia nanga katika bandari za Marekani, na wakaguzi wake hupanda bila kutoa taarifa, wakatoa alama juu ya mia, ambapo meli inayopata alama 85 au pungufu huhesabiwa kuwa imeshindwa na matokeo yake hutangazwa hadharani. Wakaguzi hao hutazama rekodi za joto za kila jokofu na jinsi kila chakula kilivyopokewa. Asilimia 3 ya abiria au ya mabaharia wakiripoti kuugua tumbo, kitengo hicho huutangaza mlipuko na uchunguzi huanza kwa kuuliza nani alikula nini na wapi. Jiko la meli linaweza kujibu swali hilo kwa karatasi, ilhali hotipoti ya chumbani haina rekodi yoyote.

Vyombo vya kupikia huzuiwa kwa sababu nyingine kabisa. Birika la umeme, jiko dogo la koili, sufuria ya umeme ya kupikia wali na hata pasi ya nguo huchukuliwa mlangoni na kurudishwa mwisho wa safari, kwa kuwa moto baharini hauna zimamoto wa kuitwa kutoka mtaa wa pili. Meli iitwayo Yarmouth Castle, iliyokuwa ikitoka Miami kwenda Nassau mwezi Novemba 1965, iliungua usiku na kuua watu 90, na mkasa huo ulichangia kukazwa kwa kanuni za kimataifa za usalama wa meli za abiria. Hapa ofisa hana hiari, na abiria hana sababu ya kubishana.

Vinywaji ni habari tofauti, na hapa dhana ya abiria kuhusu faida ina mashiko. Takriban theluthi moja ya mapato ya makampuni makubwa ya meli hutokana na vile vinavyouzwa baada ya tiketi, navyo ni pamoja na pombe, soda, kamari na matembezi ya nchi kavu. Mwaka 2015 kampuni ya Carnival ilipiga marufuku abiria kupanda na maji na soda za chupa, ikaeleza kwamba baadhi yao walikuwa wakificha pombe kali ndani ya chupa hizo na kwamba kuzikagua kulichelewesha foleni. Ikaruhusu badala yake makopo yasiyozidi 12 kwa kila mtu, yakiwa katika begi la mkononi. Maelezo hayo yana ukweli, kwa kuwa kopo ni gumu kufunguliwa na kufungwa tena bila kuonekana, lakini ni vigumu kuamini kwamba kanuni hii ingekuwepo kama baa ya meli isingekuwa na kitu cha kulinda. Mtu mzima wa umri wa miaka 21 au zaidi huruhusiwa kwa kawaida chupa moja ya mvinyo ya mililita 750, na akiinywa mezani badala ya chumbani hutozwa ada ya kufunguliwa.

Kwa wenye haja maalumu njia ipo, ili mradi ishughulikiwe mapema. Maziwa ya watoto na vyakula vya wagonjwa huruhusiwa, na kampuni nyingi huwa na dawati la kupokea maombi ya milo maalumu wiki kadhaa kabla ya safari. Waislamu wanaopanda meli za Karibi au za Mediterania, wakiwemo Waswahili waishio Uingereza na Marekani, wanashauriwa waulize kwa maandishi kama nyama halali itapatikana, kwani kuarifu siku ya kupanda huishia kwenye sahani ya samaki na mboga kwa wiki nzima. Kutoka Jeddah hali ni nyepesi zaidi tangu Desemba 2024, kampuni ya Kisaudi ya AROYA ilipoanza safari katika Bahari ya Shamu kwa meli isiyouza pombe.

Katazo zito kuliko yote, hata hivyo, ni lile linalomsubiri abiria wakati wa kushuka, nalo ni sheria ya nchi wala si ya kampuni. Tunda lililochukuliwa kwenye bufee, soseji iliyonunuliwa kisiwani, mbegu na mimea mibichi haviruhusiwi kushushwa bandarini bila kutangazwa, na katika nchi nyingi haviruhusiwi kabisa. Abiria wengi hudharau jambo hili kwa sababu chungwa moja halionekani kuwa na madhara, lakini ndani ya chungwa hilo huweza kuwamo mabuu ya inzi wa matunda wa Mediterania, mdudu ambaye asili yake ni Afrika na ambaye Marekani imetumia fedha nyingi mno kumtokomeza kila anapozuka katika mashamba ya California na Florida.

Mfano ulio dhahiri zaidi una mzizi wake Afrika Mashariki. Mwaka 1921 daktari wa mifugo Montgomery alieleza ugonjwa uliokuwa ukiwaua nguruwe wa walowezi nchini Kenya, ugonjwa ambao sasa huitwa homa ya nguruwe ya Afrika. Ngiri wa mbugani hubeba virusi vyake bila kuugua, kupe laini huvihamisha, na nguruwe wa kufugwa hufa karibu wote. Binadamu haambukizwi, ndiyo maana hana habari kwamba amevibeba ndani ya nyama iliyokaushwa, ambamo huweza kuishi kwa miezi. Mwaka 1957 ugonjwa huo ulizuka karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon, baada ya nguruwe kulishwa mabaki ya chakula kilichoshushwa kutoka ndege za abiria. Mwaka 2007 ulizuka karibu na bandari ya Poti nchini Georgia, na wachunguzi wengi wanaamini chanzo kilikuwa mabaki ya chakula cha meli, kwani aina ya virusi ilifanana na ile ya kusini-mashariki mwa Afrika. Kutoka hapo ulivuka hadi Urusi, Ulaya Mashariki na, mwaka 2018, China. Mwaka 2021 ulifika Jamhuri ya Dominika, nchi ambayo meli za kitalii za Karibi hutia nanga mara kwa mara huko Puerto Plata na La Romana. Abiria anayenunua soseji sokoni Puerto Plata na kuishusha Miami anaingia katika historia hiyo bila kujua.

Kwa sababu hiyo taka za jikoni za meli zinazotoka nchi za nje haziruhusiwi kutupwa jaani kama taka nyingine nchini Marekani. Huteketezwa au kuchemshwa hadi vijidudu vife. Baharini nako, mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaofanywa na meli, MARPOL, huruhusu mabaki ya chakula kutupwa tu meli ikiwa mbali na pwani, na katika maeneo yanayolindwa mahususi, Karibi ikiwemo, umbali huo ni maili 12 za baharini na mabaki lazima yawe yamesagwa. Kwa upande wa abiria mwenyewe, asiyetangaza chakula mbele ya forodha ya Marekani anaweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 kwa kosa la kwanza, na New Zealand humtoza dola zake 400 papo hapo hata kwa tofaa moja lililosahauliwa mfukoni. Anayetangaza, kinyume chake, hunyang'anywa bidhaa tu na kuendelea na safari yake, kwa hiyo katika shaka yoyote kutangaza ni salama kuliko kukisia.

Meli zinazofika Mombasa na Zanzibar, hasa katika miezi ya kaskazi, huwakuta abiria wao na kanuni ya namna nyingine, inayohusu si chakula bali kilichokibeba. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019, Zanzibar ikiwa imetangulia kwa miaka mingi. Vifungashio vya kiwandani, kama pakiti ya biskuti, havikuguswa na marufuku hiyo, lakini mfuko laini wa dukani uliobeba pakiti hizo hauruhusiwi kuvuka geti la bandari. Anayeunganisha safari hadi hifadhi ya Tsavo kwa siku moja hana budi kuacha melini hata chupa yake ya maji ya kutumika mara moja, kwa kuwa tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za aina hiyo haziingii katika hifadhi za Kenya; chupa ya bati inayojazwa tena hupita.