Malale ya Lambwe: Kwa Nini Kinga Huchelewa

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Katika Bonde la Lambwe, Homa Bay, habari hiyo ilikuwa na uzito wake: mbung'o wa vichaka vya Hifadhi ya Taifa ya Ruma walisambaza ugonjwa huo bondeni hadi ukalipuka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini ushindi haukuletwa na chanjo. Chanjo ya malale haipo, na kikwazo kimo ndani ya damu yetu.

Mbung'o anapouma huacha vimelea vya tripanosoma chini ya ngozi. Vingi havimwezi binadamu, vikiwemo vile vya nagana ya ng'ombe, kwa sababu protini iitwayo APOL1 iliyomo katika damu yetu huvipasua. Mchungaji na ng'ombe wake wataumwa na mbung'o yule yule, akaugua ng'ombe peke yake. Ila aina ya rhodesiense, ya Afrika Mashariki, ina protini yake ya kuinasa APOL1 na kuizima.

Hapo kazi huziangukia seli B za mfumo wa kinga. Kila kimelea kimevaa koti la molekuli zipatazo milioni 10, zote za namna moja. Seli B hulitambua koti hilo, na baada ya siku kadhaa hutoa kingamwili za kuling'ang'ania. Seli za ini ziitwazo makrofeji huvimeza vimelea vilivyonaswa. Homa ikashuka, mgonjwa akadhani amepona.

Kumbe vimelea vichache vimeshabadili koti, na akiba yao ina jeni zaidi ya 1,000 za makoti. Vinazaana, homa inapanda, kinga inaanza upya. Hata kingamwili zikiwahi, kimelea kikiogelea mbele, umajimaji huzisukuma nyuma hadi kwenye kishimo kinachozimeza, yote ndani ya dakika chache. Kwangu mimi, huo ni ujanja usio na mfano.

Mzunguko huo ukiendelea, bandama huvimba, na katika panya wa maabara maambukizi yamefuta hata kumbukumbu ya chanjo nyingine. Mgonjwa asipotibiwa, vimelea huingia ubongoni.

Ndiyo maana Lambwe vita vilipiganwa nje ya mwili: vitambaa vya buluu na vyeusi vyenye sumu na harufu ya kuwavuta mbung'o, na mifugo kupakwa dawa. Mbung'o bado wamo Ruma, na ng'ombe wanaolishwa kandokando ya hifadhi bado wanahitaji dawa hiyo.