Hata mgeni anayelipa apige hodi

Kwetu mgeni halipi. Hupewa maji, hupewa chakula, na ikifika siku ya tatu ndipo tunamkumbusha jembe. Ndiyo maana wengi wetu huona aibu tukisikia kwamba huko Australia Waaborijini, wenyeji wa kwanza wa nchi ile, huwatoza watalii fedha ili wapige kambi kwenye ardhi yao, wafundishwe kutafuta chakula porini na usiku wasikilize hadithi za mababu. Ukarimu unauzwaje?

Kabla hujahukumu, fungua Mwanzo sura ya 23. Ibrahimu amefiwa na Sara, naye ni mgeni kati ya Wahiti. Anainama mbele ya wenye nchi na kuomba mahali pa kuzika. Efroni anamwambia achukue shamba bure. Ibrahimu hataki cha bure, anapima shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi. Mtu aliyeahidiwa nchi ile na Mungu mwenyewe hakuona kwamba ahadi hiyo inamruhusu kuchukua hata kaburi bila ridhaa ya mwenye shamba.

Waingereza walipokuja kukaa Sydney mwaka 1788 hakuna aliyepima fedha wala kupiga hodi. Sheria yao iliihesabu nchi kana kwamba haina mwenyewe, na Mahakama Kuu ya Australia iliukataa uongo huo mwaka 1992 tu, katika kesi ya Mabo. Nasi Wakristo tusijitoe: katika baadhi ya vituo vya misheni watoto walikatazwa kusema lugha ya mama zao, na ngoma za wazazi wao zikaitwa za shetani. Leo mzee akidai malipo kwa kufundisha kile kile tulichotaka akisahau, mimi sioni tamaa hapo. Ni kazi, na kazi ina ujira.

Cha kuuliza ni nani anayepokea fedha, na nani aliyetoa ruhusa. Kaskazini, katika Arnhem Land, asiye mwenyeji huhitaji kibali kuingia ardhi ya Waaborijini. Tamasha la Garma huendeshwa huko na taasisi ya Wayolngu. Wageni hulala mahemani, na tiketi yake si ya mfuko mwepesi. Hilo ni tofauti kabisa na kampuni ya mbali inayomkodi kijana acheze mbele ya hoteli wakati wa chakula cha jioni.

Lakini liko jambo gumu zaidi. Mfalme Ahabu alimwahidi Nabothi shamba zuri zaidi la mizabibu, au fedha taslimu. Bei ilikuwa ya haki. Nabothi alikataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Kabla damu haijamwagika, ubaya ulishaanza pale mfalme alipojilaza kitandani, akageuza uso, akasusa chakula, kwa sababu mtu amemwambia hapana.

Utazame mwamba wa Uluru, katikati ya Australia. Waanangu walirudishiwa tarehe 26 Oktoba 1985, kwa sharti la kuikodisha serikali kwa miaka 99 iwe hifadhi ya taifa. Kwa miaka mingi waliwasihi wageni wasiupande. Ni mahali patakatifu, na mgeni akifia pale wao huomboleza kama wenyeji walioshindwa kumlinda. Zaidi ya watu 30 wamefia huko. Watu walipanda tu. Si walikuwa wamelipa kiingilio? Mwaka 2017 bodi ya hifadhi, ambayo wengi wa wajumbe wake ni Waanangu, iliamua kwamba kupanda kukome tarehe 26 Oktoba 2019. Siku za mwisho foleni ilipanda jiwe lile kama siafu, watu wakiwahi kufanya walichoombwa wasifanye. Ahabu wa siku hizi hajilazi kitandani, anapanga foleni.

Njia ya kuuzunguka mwamba kwa miguu, kama kilomita 10, bado iko wazi. Sehemu fulani zina vibao vinavyokuomba usipige picha, kwa sababu hadithi ya mahali pale haipaswi kuondoka pale. Nyingine ni za wanawake tu, nyingine za wanaume tu. Umesafiri mbali, kiingilio umelipa, na simu iko mkononi mwako.