Kasha la Gemu: Tulitupe au Tuliweke?

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wakisema juu ya nafaka na fedha, na sijui wangalinena nini lau wangaliwaona vijana wa leo wakiweka akiba ya makasha matupu. Maana limezuka swali miongoni mwa wapenzi wa michezo ya video, ile waiitayo gemu: mtu akishanunua mashine au diski ya mchezo, kasha lake la asili alihifadhi, au alitupe jaani?

Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo la watoto tu. Sisi watu wa pwani ni mabingwa wa kuweka. Ingia nyumba nyingi za Mji wa Kale, Mombasa, utaiona kabatini seti ya vikombe ingali ndani ya boksi lake tangu siku ya harusi, na waliokuja kuoza sasa wana wajukuu. Utaona chupa ya atari iliyokwisha zamani, lakini kijaluba chake cha mahameli hakitupwi. Saa ya marehemu babu imesimama, na kijisanduku chake kingali kimefungwa vizuri. Basi swali la kasha latuhusu, ingawa la gemu tumeletewa na wana wetu.

Nililikuta swali hili Kyumbi, katika kaunti ya Machakos. Asafiriye kutoka Mombasa kwenda Nairobi anapajua mahali hapo: ndipo penye njia panda ya kuingilia mji wa Machakos. Malori yenye makontena kutoka bandari yetu hupita hapo usiku na mchana, na ukiyatazama waona kwamba biashara ya dunia nzima sasa ni kasha ndani ya kasha. Nilikuwa nikimngojea jamaa yangu aje kunichukua, na jua la Ukambani halina huruma, nikaingia katika kibanda kimoja kupata kivuli. Kumbe ni kibanda cha gemu: televisheni mbili, mashine mbili, benchi, na vijana wakicheza mpira wa kwenye kioo huku wakipiga kelele kama wako uwanjani.

Mwenye kibanda ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mpole na mwenye adabu. Nyuma yake, tangu sakafuni hadi chini ya bati, palikuwa na maboksi matupu ya mashine, padi na diski, yote yamepangwa kama matofali. Nikamuuliza, "Mwanangu, vitu vimo humo?" Akacheka. "La, mzee. Ni boksi tu. Mama anataka kuziwashia moto."

Mama mwenyewe alikuwa pale nje akiuza ndizi. Wakamba humwita mama "mwaitu", na mwaitu huyu hakuficha maoni yake. Alisema kodi ya chumba inalipwa kila mwezi, na haoni sababu ya kulipia kodi hewa iliyozungushiwa karatasi. Nami nilikiri moyoni kwamba hoja hiyo ni nzito. Chumba cha kupanga si ghala, na mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa sababu vitu vyako ni vitupu.

Hata hivyo kijana naye ana hoja, tena si moja. Ya kwanza ni ya usalama. Kasha la mashine lina nambari iliyochapishwa kwenye karatasi ya ubavuni, nayo nambari hiyo ni ileile iliyo mgongoni mwa mashine. Katika soko letu la vitu vilivyotumika, mnunuzi mwenye akili huuliza mambo mawili kabla ya bei: risiti na boksi. Si kiburi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inasema kwamba mtu akipatikana na hatia ya kupokea mali ya wizi hali anajua, au ana sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, yaweza kumfikisha kifungo cha hadi miaka 14. Mashine uchi isiyo na boksi wala risiti si lazima iwe ya wizi, lakini itamwia taabu mwenyewe kujieleza. Kasha na mashine vikikubaliana nambari, mwenye mali ana shahidi asiyekula kiapo.

Kijana alinisimulia yaliyomkuta. Alitaka kuuza mashine yake ya kwanza ili dada yake alipiwe karo ya chuo. Mnunuzi akaja kutoka Machakos mjini, akaitazama, akaipenda, kisha akataka boksi. Boksi halikuonekana. Kijana akapekua chumba kizima, na mnunuzi keshaanza kuaga, ndipo mwaitu aliposema kwa utulivu kwamba alilichukua yeye kulalia vifaranga. Likaletwa, limejaa manyoya na uchafu wa kuku, lakini ile karatasi ya nambari ingali imeganda mahali pake. Wakalinganisha, zikalingana, fedha zikahesabiwa. Karo ikalipwa. Tangu siku hiyo kijana ndipo alipoanza kujenga ule ukuta wa maboksi, na mama naye husema kila siku kwamba lililookoa nyumba ni lile alilolitia kazini yeye.

Hoja ya pili ni ya utajiri, na hapa nawasihi vijana wapunguze mbio. Ni kweli kwamba mwezi wa Julai mwaka 2021, katika mnada wa Heritage Auctions huko Marekani, mchezo wa Super Mario 64 wa mwaka 1996 uliuzwa kwa dola milioni 1.56. Mwezi uliofuata mchezo wa Super Mario Bros ukauzwa kwa dola milioni mbili. Habari hizo zilienea, na watu wengi wakaanza kutazama chini ya vitanda vyao. Lakini michezo hiyo haikupata kufunguliwa hata siku moja: ile nailoni ya kiwandani ilikuwa ingalipo. Tena, makasha ya zamani ya Nintendo yalikuwa ya karatasi ngumu, na watoto waliyararua siku ileile ya kununuliwa. Uhaba wake ndio uliozaa bei. Ikiwa leo kila mtu ataweka kasha lake, litakuwa wapi hilo la nadra? Kitu kilicho katika kila nyumba hakiendi mnadani kwa mamilioni.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonigusa mimi niliye mtu wa kalamu. Kasha ni jalada, na jalada lina habari: nani alitengeneza, mwaka gani, mchezo unachezwaje, na mchoraji aliuonaje. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa uchunguzi kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. Iliyobaki iko mikononi mwa watu na katika makumbusho kama The Strong ya Rochester, New York. Hata jaa limepata kuwa hazina. Mnamo mwaka 1983 kampuni ya Atari, ilipolemewa na bidhaa zisizouzika, ilizika michezo mingi katika jaa la mji wa Alamogordo, New Mexico, ukiwamo ule wa E.T. uliotoka mwaka 1982. Mwaka 2014 jaa likafukuliwa, baadhi ya makasha yakatoka yangali yanasomeka, na mji huo ukayauza kwa jumla ya zaidi ya dola 100,000.

Sisi hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta funzo hilo. Ziangalie kanda zetu za taarabu. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na lebo iliyo katikati ya santuri ndiyo imwambiayo msikilizaji wa leo kwamba hii ni sauti yake. Lakini zilipokuja kaseti, tukanakiliana mtu na mwenzake, makaratasi ya ndani yakapotea, juu yake tukaandika kwa kalamu ya wino neno moja tu, "Taarabu". Leo waweza kuusikia wimbo mtamu katika kanda kama hiyo usijue mtunzi ni nani wala udi umepigwa na mkono wa nani. Sauti imebaki, jina limekwenda na karatasi.

Ila kuna upande mwingine. Si kila kasha lina kitu cha kulinda. Mchezo wa The Crew ulitoka mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ikazima mitambo uliyoitegemea, na tangu hapo diski yake haichezeki, hata iwe safi namna gani. Mwaka 2025 Nintendo ilipotoa mashine yake ya Switch 2, baadhi ya makasha yakaja na kadi isiyo na mchezo ndani, ni ufunguo tu wa kuupakua kwa intaneti. Mwenye kuweka kasha kama hilo anaweka kumbukumbu. Asijidanganye kwamba ameweka mchezo.

Basi afanyeje mtu wa chumba kimoja? Nionavyo mimi, aweke makasha ya mashine alizonazo, kwa kuwa hayo ni ushahidi. Si lazima yasimame kama matofali: hufunguliwa gundi taratibu, yakalazwa bapa chini ya godoro, na risiti ikatiwa katikati. Sponji na nailoni ziende zake. Makasha ya diski ya plastiki huchukua nafasi ndogo, yawekwe pamoja na karatasi zake. Anayeishi Kyumbi ashukuru ukavu wa hewa, ila ainue mzigo wake kutoka sakafuni, kwani mchwa wa Ukambani hawasomi nambari. Anayeishi pwani adui yake ni unyevu na chumvi: asiegemeze karatasi ukutani, na kila mara ayape makasha upepo kama tupeavyo nguo.

Na yale mengine, ya padi zilizovunjika na mashine zilizokwisha kuuzwa, yapewe wenye vifaranga. Ushairi ni ada yangu, basi nawaachia ubeti:

Kasha usitupe hima, tazama lina nambari,
Ndilo litakalosema, pakizuka la hatari,
Ila nyumba ikizama, kwa makasha ya fahari,
Chagua yaliyo mema, mengine yape safari.