Ukiitwa Kupimwa Kuzimia, Nenda na Shahidi



Mara ya kwanza kuzimia ilikuwa sokoni kwetu Ilula, katikati ya matenga ya nyanya. Nilikuwa likizo, namsaidia shangazi. Tulisimama tangu alfajiri tukichambua nyanya ili lori la Dar likifika likute mzigo uko tayari. Chai sijanywa, jua limeshapanda. Ghafla masikio yakaanza kuvuma, jasho jembamba likanitoka, macho yakaingia giza. Nilipozinduka niko chini, watu wamenizunguka, na kaka mmoja ameshika kijiko anataka kuniingiza mdomoni.

Mara ya pili ilikuwa chuoni Iringa, kwenye foleni ya kusaini bumu. Mara ya tatu msibani, tumesimama juani wakati wa kuweka mashada. Hapo kila mtu akawa na jibu lake. Jirani mmoja akasema ni mashetani. Hosteli wakanong'ona kwamba nina mimba. Kituo kimoja cha afya, baada ya maswali mawili tu, kikaniandikia dawa za kifafa. Mimi nasomea ualimu, na mazoezi ya kufundisha yalikuwa yamebaki miezi michache. Usiku nilikuwa nawaza: nani atanikabidhi darasa, mwalimu anayedondoka mbele ya wanafunzi?

Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu ambaye naye ameambiwa aende akapimwe na hajui ajiandae vipi. Yako mambo ya chakula na nguo, nitayaeleza. Lakini maandalizi makubwa ni habari unazokwenda nazo.

Kwa nini mtu anazimia

Unaposimama, damu kati ya nusu lita na lita nzima huteremka miguuni na tumboni. Kwa kawaida mwili hujirekebisha papo hapo: mishipa inabana, moyo unaongeza mwendo, damu inaendelea kupanda kichwani. Kwa baadhi yetu, tukisimama muda mrefu, kwenye joto, tukiwa na njaa au kiu, mwili hufanya kinyume. Mishipa inalegea, moyo unapunguza mwendo, presha inashuka. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde 6 hadi 8 tu, fahamu zinapotea. Ukishalala chini, damu inarudi kichwani na unaamka. Huku ndiko kuzimia kunakowapata vijana wengi.

Ila si kuzimia kote kuko hivyo. Wakati mwingine hitilafu iko kwenye moyo wenyewe, na huko ndiko kwa kuogopa. Ukizimia wakati unakimbia au unacheza mpira, au ukiwa umelala, au baada ya moyo kwenda mbio ghafla au kifua kuuma, usisubiri UE ziishe. Vivyo hivyo kama kwenu kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ushahidi wa shangazi

Nilirudi nyumbani, shangazi akanisindikiza hospitali pale pale Ilula. Daktari alinisikiliza mimi kwanza, kisha akamgeukia yeye.

"Mama, wewe ulikuwepo. Hebu nieleze ulichokiona."

"Alibadilika rangi kama amepakwa majivu, daktari. Akalegea, akaenda chini. Mikono ikarukaruka mara mbili tatu. Sijamaliza kuita watu, kaamka, ananiuliza, 'Shangazi, tumefika tenga la ngapi?'"

Daktari akatabasamu, akaandika. Baadaye alitueleza kwa nini. Mtu wa kifafa cha kuanguka mara nyingi hutikisika kwa muda mrefu zaidi, anaweza kujing'ata ulimi pembeni, na akiamka anakuwa amechanganyikiwa kwa dakika kadhaa. Aliyezimia tu naye anaweza kurusha mikono mara chache, ndiyo maana watu huchanganya mambo haya mawili. Lakini yeye huzinduka upesi na akili zake timamu. Mimi nisingeweza kumwambia daktari hayo yote, kwa sababu yanatokea mimi mwenyewe sikuwa na habari.

Kisha nikalazwa dakika 5, nikapimwa presha. Nikasimama, nikapimwa tena dakika ya 1 na dakika ya 3. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hapo kuna jambo. Yangu haikushuka. Wakanipima na ECG, yaani umeme wa moyo, nao ukaonekana sawa. Kwa kuwa nilishaanguka mara tatu na nilikuwa tayari kwenye dawa za kifafa, daktari akaniandikia rufaa ya Dar es Salaam, nikapimwe kwenye kitanda kinachosimamishwa.

Kitanda chenyewe

Matumizi ya kipimo hiki kwa watu wanaozimia bila sababu kujulikana yalielezwa na madaktari wa London mwaka 1986. Unalala chali, unafungwa mikanda ili usidondoke, unabandikwa waya za ECG kifuani na kuwekewa kipimo cha presha. Ukishapumzika, kitanda kinainuliwa mpaka digrii 60 hadi 70, miguu yako ikikanyaga ubao wa chini. Unabaki hivyo dakika 20 hadi 45. Usipozimia, wanaweza kukupa dawa ya chini ya ulimi inayotanua mishipa, kisha wakasubiri tena. Wanachotaka ni kuona presha na moyo vinafanya nini wakati dalili zako zinapokuja. Kipimo hiki hakipo kila hospitali, hivyo uliza kwanza kabla hujakata tiketi ya basi, na uliza kama bima yako inakilipia.

Jinsi ya kujiandaa

Kwanza, andika kila anguko kwenye daftari: tarehe, saa, ulikuwa umesimama au umekaa, ulikula nini, ulisikia nini kabla. Halafu mtafute aliyekuona, akueleze rangi ya uso, macho, mikono, muda uliokaa chini, na neno la kwanza ulilosema. Kama anaweza kwenda nawe, vizuri zaidi. Kama hawezi, chukua namba yake ya simu. Na kama kuna aliyekurekodi video, usimkasirikie. Mwombe akutumie.

Pili, beba dawa zako zote, na za mitishamba pia. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe. Muulize daktari ipi uendelee nayo na ipi usimamishe. Kama una mimba au unahisi unayo, sema.

Tatu, chakula. Kwa kawaida utaambiwa usile kwa saa 2 hadi 4 kabla ya kipimo. Fuata maelekezo ya hospitali yako, usijiongezee ukafunga tangu jana yake. Kahawa, chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu, vile tunavyopigia msuli usiku, viache siku hiyo.

Nne, vaa blauzi au shati la vifungo na sketi au suruali, usivae gauni, maana kifua kitabandikwa waya. Usipake mafuta kifuani, hazitashika. Nenda msalani kabla hujapanda kitandani.

Tano, nenda na mtu wa kurudi naye. Usiendeshe pikipiki wala gari siku hiyo.

Na la mwisho, usione aibu kuzimia pale. Mimi nilishajifunza kukaza mapaja na kukunja ngumi nikihisi dalili, na kitandani nilitaka kufanya hivyo hivyo. Muuguzi akaniambia, "Dada, hapa usipambane. Tuambie tu unachosikia." Dakika ya 23 masikio yakavuma. Nikasema. Giza likaingia. Walipokishusha kitanda nikazinduka mara moja, na kwenye karatasi ilionekana wazi: presha ilishuka ghafla na moyo ukapunguza mwendo, na dalili zilikuwa zile zile za sokoni. Hata hivyo, usipozimia kitandani haina maana kwamba ulikuwa unadanganya. Kipimo hiki si mara zote kinakamata tatizo, na hapo ndipo maelezo ya shahidi yanazidi kuhitajika.

Baada ya majibu

Daktari aliweka pamoja karatasi hiyo, ECG na maneno ya shangazi, akasema si kifafa. Dawa zile nilipunguziwa kidogo kidogo chini ya uangalizi mpaka zikaisha. Nikaambiwa ninywe maji ya kutosha, nisiruke mlo, na dalili zikija nikae au nilale mara moja, au nipishanishe miguu na kuikaza kama hakuna pa kukaa.

Nanyi mnaotuona tukianguka: mlazeni mtu chali, muinueni miguu, watu wasimzonge. Kijiko mdomoni hapana. Akitikisika, msimshike kwa nguvu. Mgeuzeni ubavu akitulia. Akipitisha dakika chache bila kuzinduka, hospitali. Na tazameni saa, kwa sababu daktari atauliza.

Mazoezi ya kufundisha niliyamaliza. Mezani kwangu palikuwa na chupa ya maji, na nyuma yangu kiti. Mara moja tu masikio yalivuma nikiwa ubaoni. Nikakaa, nikawaambia wanafunzi wafanye swali la tatu, na kabla hawajamaliza nilishasimama tena.

Kwa hiyo kama na wewe umeanguka muhula huu, usiende kwa daktari peke yako. Nenda na aliyekuokota.