Ngumi Inaanzia Kisiginoni

Niania, huku kwetu Ituri nchini Congo, ni njia panda. Barabara moja inatoka Kisangani, nyingine inashuka kutoka Isiro, ya tatu inaelekea Mambasa hadi Bunia, na msimu wa mvua malori hulala pembeni yakisubiri udongo ukauke. Nyuma ya nyumba ya mjomba, hatua chache kutoka barabarani, binamu yangu alitundika gunia kwenye tawi la mwembe. Alilijaza mchanga, akafunga mikono yake kwa vipande vya kitenge, akaanza kujifunza bokse peke yake. Siku ya tatu kifundo cha mkono wa kulia kikavimba hata kushika kijiko ikawa kazi.

Mchanga ulikuwa kosa la kwanza. Unyevu ukiuingia unashuka chini ya gunia na kugandamana, na anayelipiga ni kama anapiga ukuta. Tulilifungua, tukaumwaga, tukalijaza nguo kuukuu na mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani. Kosa la pili lilikuwa gumu kulitambua, kwa sababu lilionekana jambo la kawaida kabisa: alikuwa anapiga kwa mkono.

Bondia aliyeiva hapigi hivyo. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Kisovieti, V. I. Filimonov, na wenzake walipima mabondia wa ngazi mbalimbali ili kujua nguvu ya konde la moja kwa moja inatoka wapi. Kwa mabingwa, asilimia 38 hivi ilitoka kwenye mguu unaosukuma ardhi, asilimia 37 kwenye kiwiliwili kinachozunguka, na mkono wenyewe ulichangia asilimia 24 tu. Kwa wanaoanza hesabu iligeuka: mkono ulibeba asilimia 38, mguu haukufika hata 17. Kisigino cha nyuma kinainuka, goti linageuka, nyonga inazunguka, bega linafuata, na mkono unafika mwishoni kabisa kupeleka mzigo uliokwisha kubebwa na wengine. Mwaka 2000 watafiti wa Uingereza walipopima makonde ya mkono wa nyuma, mabondia wa kiwango cha juu walifikisha wastani wa nyutoni 4,800, wanaoanza nyutoni 2,400 hivi. Nusu ya konde inapotelea katika miguu isiyojua kazi yake.

Anayetaka kulithibitisha hili asitazame ngumi, atazame chini. Pale chini ya mwembe udongo ni mwekundu na laini. Wiki ya kwanza ulikuwa umekanyagwa tu, nyayo juu ya nyayo. Baada ya majuma kadhaa zilianza kuonekana alama ndogo za nusu duara, kama mwezi mwandamo, pale sehemu ya mbele ya unyayo wa nyuma ilipokuwa ikizunguka. Gunia nalo lilibadili sauti. Zamani liliyumba likirudi na kumsukuma; sasa lilikuwa linatoa mlio mfupi na kujikunja katikati.

Watanzania huuita mchezo huu ngumi au masumbwi, Wakenya ndondi, na sisi wa Congo tumelichukua neno la Kifaransa tukasema bokse. Kama ningeombwa jina, mimi ningeuita mchezo wa miguu. Maana miguu haileti nguvu peke yake. Inaleta muda.

Mwaka 1985, Frank Bruno wa Uingereza, ambaye miaka kumi baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa WBC, alipimwa maabara. Ngumi yake ilisafiri karibu nusu mita katika sekunde 0.1, ikafikia mwendo wa mita 8.9 kwa sekunde, na ikatua kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 400 hivi. Sasa weka hesabu hiyo kando ya nyingine: jicho la mwanadamu likiona kitu, ubongo ukaamua, msuli ukaanza kuitika, zinapita sekunde 0.2 hivi. Yaani mtu anayesubiri kuiona ngumi ndipo aikwepe ameshapigwa zamani. Mabondia huishi kwa sababu hawaitazami ngumi. Wanasoma bega, nyonga, mguu wa mbele unaotaka kukanyaga, na zaidi ya yote wanakaa mbali kiasi kwamba mpinzani lazima asogee kabla ya kupiga. Ule msogeo ndio unaowapa sehemu ya kumi ya sekunde wanayoihitaji. Nusu hatua ya kurudi nyuma ni ngao bora kuliko mkono wowote ulioinuliwa.

Lakini hata miguu haitoshi bila pumzi, na sisi Wakongo tuna usiku wetu wa kukumbuka hilo. Tarehe 30 Oktoba 1974, karibu saa kumi alfajiri, katika uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, Muhammad Ali aliyekuwa na miaka 32 alikutana na George Foreman wa miaka 25, aliyekuwa amepigana mara 40 bila kushindwa na kumaliza mapambano 37 kwa kuwaangusha wenzake. Saa hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya televisheni za Marekani. Wazee wengi husimulia jinsi umati ulivyoimba Ali bomaye, yaani Ali muue, na jinsi Ali alivyoegemea kamba akamwacha Foreman apige mpaka achoke. Mimi hutaka kuongeza habari ya hewa. Mwili unaofanya kazi nzito hupoa kwa jasho linalokauka: lita moja ikikauka juu ya ngozi huondoa joto la kilokalori zipatazo 580. Lakini hewa ya Kinshasa imeshiba maji, kama ya msitu wetu wa Ituri, na jasho linalotiririka hadi chini bila kukauka halipozi chochote. Moyo unalazimika kugawa damu, nyingine iende kwenye misuli, nyingine kwenye ngozi. Foreman alikuwa anatupa makonde mazito kila raundi, na kila konde lilidai oksijeni. Kufikia raundi ya 8 mikono yake ilikuwa inasukuma badala ya kupiga, na hapo Ali akamwangusha.

Ndiyo sababu hapa kwetu nashauri mazoezi ya alfajiri au jioni, maji karibu, na kivuli. Kwa afya, faida ya bokse ni kubwa na inapatikana upesi. Raundi ya dakika tatu na pumziko la dakika moja huufanya moyo upande, ushuke, upande tena, na mtindo huo wa kupokezana nguvu na pumziko ni miongoni mwa njia bora za kuongeza pumzi. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wapate kila wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Kuruka kamba, kupigana na kivuli, na gunia la matambara, nusu saa mara tatu kwa wiki, vinatosha kufika huko. Kamba ya kuanikia nguo inafaa.

Mkono wenyewe unahitaji heshima. Una mifupa 27, mingi myembamba. Konde sahihi hutua kwenye vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kwa kuwa mifupa iliyo nyuma yake ni minene na imenyooka na mkono. Upande wa kidole cha mwisho ni dhaifu. Mfupa ukivunjika pale madaktari huuita mvunjiko wa bondia, ingawa huwapata zaidi watu wanaorusha ngumi kwa hasira bila kujua. Na anayempiga mwenzake mdomoni kwa mkono mtupu akachanika kwenye jino asikae nyumbani akifunga kitambaa. Mdomo wa binadamu umejaa vijidudu, na jeraha dogo juu ya kifundo linaweza kuingiza usaha kwenye kiungo ndani ya siku chache. Aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Lakini kitu ninachokiogopa kweli ni kichwa. Ubongo una kilo 1.4 hivi, laini, umeelea katika maji yake ndani ya fuvu. Konde la kidevuni hukizungusha kichwa ghafla, fuvu likatangulia na ubongo ukachelewa, na nyuzi ndefu za neva zikavutwa. Mwaka 1928 Harrison Martland, daktari wa New Jersey, aliandika juu ya mabondia waliokuwa wakitembea na kuongea kama walevi bila kuonja pombe. Glavu zilizolazimishwa na kanuni za Queensberry za 1867 hulinda vidole vya anayepiga, na kwa hiyo humruhusu apige kichwa kwa nguvu zaidi. Kofia ya mazoezi hupunguza michubuko. Mzunguko wa ubongo haiuzuii. Robert Wangila, Mkenya pekee aliyewahi kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi, Seoul 1988, alifariki Las Vegas mwaka 1994, siku mbili baada ya pambano. Na Ali wetu wa Kinshasa aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984, akiwa na miaka 42. Madaktari wanabishana hadi leo ni kiasi gani makonde yalichangia. Mimi nikizitazama picha za usiku ule, nahesabu yale aliyoyapokea.

Je, kujilinda? Hapa lazima niseme wazi, kwa kuwa naandika kutoka Ituri, mkoa uliowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Ngumi haizuii risasi wala panga. Mbele ya silaha, bokse yote iliyobaki ni miguu: kukimbia mapema. Faida yake iko kwenye hatari ndogo zaidi na za kila siku, mlevi anayemshika mama mkono sokoni, kijana anayeziba njia ya kisimani. Na kwa hatari hizo ushahidi mzuri ninaoujua unatoka Nairobi, tena haukuwa wa bokse. Wasichana wa mitaa ya mabanda walifundishwa kutambua hatari, kusema hapana kwa sauti kubwa, kisha mbinu chache za mwili. Utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu yao walitumia mafunzo hayo kuzuia shambulio ndani ya mwaka mmoja, na mashambulizi ya kingono yalishuka kutoka 17.9 hadi 11.1 kwa kila wasichana 100 kwa mwaka. Kwa wenzao wasiofundishwa hayakupungua kwa kiasi cha maana. Sauti inatoka kwenye pumzi, na pumzi ndiyo inayofundishwa na bokse vizuri kuliko kitu chochote: kutoa hewa unapopiga, kutoganda unapotishwa.

Mji huohuo, katika mtaa wa Kariobangi, klabu ya Boxgirls ilianza kuwafundisha wasichana ndondi baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Mmoja wao, Elizabeth Andiego, alifika Olimpiki ya London 2012, ya kwanza kuwaruhusu wanawake kupanda ulingoni. Na karibu nasi zaidi, mjini Goma, Balezi Bagunda anayejulikana kama Kibomango, aliyekuwa kadogo, yaani askari mtoto, vitani na kupoteza uwezo wa jicho moja, amewafundisha bokse vijana waliopitia aliyoyapitia yeye, wavulana kwa wasichana. Mtu aliyefundishwa utotoni kuua, akachagua mchezo wenye kengele, mwamuzi na kupeana mikono mwishoni: nikimfikiria nashindwa kuuita mchezo huu ukatili.

Binamu yangu sasa ana wanafunzi wanne chini ya mwembe, wawili ni wasichana. Hawana glavu za kutosha, na kwa maoni yangu si hasara, kwa sababu hakuna anayempiga mwenzake usoni. Wanafunga mikono, wanaruka kamba, mmoja anapiga gunia na wengine wanahesabu pumzi zake. Mama mmoja alikuja kuuliza kama amwachie mwanawe ajiunge. Nikamwambia amuulize mwalimu swali moja, na amuulize kila mwezi: wiki hii mtoto wangu amepigwa kichwani mara ngapi? Binamu yangu alimjibu bila kufikiri. Hata mara moja, mama. Bado tuko kwenye miguu.