Miti ya Meru na Embu Yahesabiwa Hadi kwenye Intaneti

Msomaji aliyewahi kuabiri matatu kutoka Embu kwenda Meru, kwa barabara ile ipitayo Runyenjes, Chuka na Nkubu, bila shaka ameiona mistari ya migrevilea mipakani mwa mashamba. Aghalabu huichukulia kuwa kuni na mbao za mwenye shamba, basi. Pengine hajui kwamba baadhi yake imehesabiwa, na hesabu yake imewekwa kwenye intaneti ambako hata mtu aliye London anaweza kuisoma.

Kazi hiyo ni ya TIST, mpango wa kimataifa wa vikundi vidogo vya upandaji miti. Ulianzia Mpwapwa, Tanzania, mwaka wa 1999, ukaingia Kenya mwaka wa 2004 kupitia Meru, kisha ukaenea hadi Embu. Wakulima huungana katika vikundi vya watu 6 hadi 12, kila mmoja akipanda miti katika shamba lake mwenyewe. Mti na mazao yake hubaki kuwa mali yake. Kinachouzwa ni kitu kisichoshikika: hewa ya kaboni ambayo mti huivuta na kuihifadhi ndani ya shina na mizizi. Wanunuzi wa ng'ambo huilipia ili kufidia moshi wanaoutoa wao.

Sasa, mnunuzi huyo atajuaje kwamba mti wa Runyenjes upo kweli? Hapa, kwa maoni yangu, ndipo penye ubunifu wenyewe. Mhesabu miti, ambaye hutoka miongoni mwa wakulima wenyewe, huja na kifaa cha mkononi. Zamani kilikuwa kompyuta ndogo ya kiganjani, siku hizi ni simu. Huzunguka mpaka wa miti kwa miguu huku kifaa kikipokea ishara za setilaiti na kuweka ramani. Huhesabu miti kwa aina na umri, hupima unene wa mashina kadhaa, kisha hutuma yote kwa intaneti. Mti uliokauka hauhesabiwi, hata mwenyewe alalamike vipi.

Wazee wa sehemu hizi wanajua thamani ya hesabu iliyo wazi. Wengi wao ni wakulima wa kahawa. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka wa 1989 na bei kuporomoka, uchungu haukuwa wa bei peke yake. Mtu alipeleka kahawa kiwandani, akasubiri miezi, na alipolipwa hakujua makato yametoka wapi.

Je, fedha zenyewe? Tusidanganyane. Malipo ya awali yalipangwa kuwa senti 2 za dola kwa kila mti ulio hai kwa mwaka. Mama mwenye miti 500 atapata dola 10, kama shilingi 1,300 hivi. Kaboni ikishauzwa na gharama kuondolewa, asilimia 70 ya faida ni ya wakulima. Kinachowaweka wengi ni yale mengine: kuni za matawi yaliyopogolewa bila kwenda msituni, maparachichi na makadamia, na mikutano ya kikundi ambamo uongozi huzunguka, hata yule asiyezoea kusema mbele za watu akapata zamu yake.

Hata hivyo yapo yanayonitia wasiwasi. Idadi ya miti imeanikwa, lakini bei ya kaboni hukubaliwa mbali na shamba. Tena mkataba ni wa miongo kadhaa, ilhali mashamba ya Meru na Embu yanagawanywa kila kizazi. Kijana asomaye chuo Nairobi, atakayerithi nusu ekari na kutaka kuikata miti ajenge, huenda hajui kwamba babake aliitilia sahihi. Likizo ijayo, kabla ya kushika shoka, amwulize mzee.